Mguu Usiguse Chini

Jumapili, 6 Julai

Leo nimekula nimesimama. Wali, samaki, sahani mkononi, bega ukutani. Mke wangu Somoe amenitazama mpaka akamaliza sahani yake. Kisha akaniuliza kama nipo zamu ya ulinzi.

Asubuhi nilikwenda Ufukoni na kurudi Rahaleo. Hiyo tu. Mtu wa miaka hamsini na mbili, kaptula niliyoishona mwenyewe, baiskeli nyeusi ya marehemu Mjomba Chande. Wakati wa kwenda niliwapigia watu kengele. Wakati wa kurudi niliikokota. Kila nilipomwona mtu ninayemjua niliinama, nikajifanya naangalia cheni.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Kule mbele kuna viuno na mapaja ya nusu ya mji huu, na mke wangu halifungui. Anasema matumbo ya watu hayamhusu. Hapa pako salama.

Sababu ya mateso yenyewe: Asumini, binti wa dada yangu Zainabu, anaolewa Mahurunga tarehe 2 Agosti. Na katika ukoo wetu bibi harusi hatoki kwa mama yake kwa gari wala kwa miguu. Mjomba wake mkubwa humpakia kwenye keria ya baiskeli na kumpeleka mpaka kwa bwana. Njia nzima mguu wa mjomba usiguse chini. Ukigusa, mtatungiwa wimbo wewe na magoti yako, na utaimbwa mpaka wajukuu waujue. Mjomba Chande alimpeleka Zainabu hivyo, kwa baiskeli hii hii. Mimi nilikuwa kijana, nakimbia nyuma na begi la nguo. Asumini nilimwahidi tangu hajaota meno ya mbele.

Mjomba mkubwa ni mimi. Sina wa kumsukumia.

Au ninaye. Mdogo wangu Bakari ana pikipiki. Amepiga simu jioni: "Kaka, ukiona mambo mazito sema mapema, nioshe pikipiki." Nimemwambia aioshe tu, imechafuka siku nyingi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, sikukuu. Wateja hakuna. Nimeshughulikia kiti.

Mimi fundi cherehani, miaka ishirini na nane. Kitu kikiuma, nakiwekea kitambaa. Nimechukua sponji la kochi bovu, nikalikunja mara mbili, nikalivika kitenge cha njano chenye maua, nikapiga bandi, nikashona, nikatia lastiki chini. Kiti kimenenepa kama mto wa bibi harusi mwenyewe. Somoe amekibonyeza kwa kidole. Kidole kimezama. Amesema hajaona baiskeli yenye mimba.

Wivu.

Jumanne, 8 Julai

Sponji si dawa. Linapozama katikati linapanda pembeni, na linapopanda pembeni linakwenda mahali ambapo sitapaandika hata humu.

Nimekula nimesimama. Sahani mbili.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kwa Atanasi, fundi baiskeli wa pale njia panda. Watu wake wametoka ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde, mimi Mmakua. Ni mtani wangu kwa hiyo hakuna la heri linalotoka kinywani mwake. Aliona kile kitenge cha njano, akaita mafundi wenzake wawili waje waage maiti.

"Mmakua na baiskeli wapi na wapi," akasema. "Nyie mlizaliwa kubebwa."

Nimemweleza shida. Akaniambia nipande. Nikapanda. Akasema kiti kiko juu mno, mtu wa kumpakia bibi harusi lazima akanyage chini kwa nyayo zote mbili, la sivyo atamwaga mtoto wa watu. Nikamkumbusha kuwa mguu hautakiwi kugusa chini. Akasema ndiyo, lakini lazima ujue chini ipo. Maneno yale yakaniingia. Ukweli ni kwamba naogopa kuanguka, na mtu mwoga hupenda kuambiwa ashuke.

Amelegeza nati, amekizamisha kiti mpaka mwisho wa bomba. Nyayo zote mbili ardhini. Nimejisikia salama kama nimekaa kwenye kigoda.

Ijumaa, 11 Julai

Magoti. Yaa Rabi, magoti.

Kiti kikiwa chini, goti linapanda mpaka kifuani kila ukikanyaga pedeli. Nimeendesha hivyo asubuhi yote. Kwenye swala ya Ijumaa nilikwenda chini vizuri. Kupanda ndiyo kazi. Goti la kulia lililia, msikiti mzima ukasikia. Jirani yangu alinishika kwapani na kuninyanyua kama gunia la korosho. Baada ya salamu akaniuliza nimeanza kuumwa lini. Nikasema tangu posa ya Asumini.

Jumapili, 13 Julai

Dada Zainabu amepiga simu. Habari za Rahaleo zinafika Mahurunga kabla hazijafika Rahaleo penyewe. Anajua habari za kitenge, anajua habari za msikitini. Bakari ndiye redio.

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Amesema kwa upole kwamba hataki mwanawe aangushwe mbele ya wakwe. Ameweka sharti: Jumapili ya tarehe 27 niende Mahurunga kwa baiskeli, kutoka hapa nyumbani mpaka uani kwake. Nikifika nimekaa juu yake, Asumini ni wangu. Nikifika nikiikokota, au nisipofika, atampa Bakari.

"Issa," kaniambia, "hakuna atakayekulaumu."

Hilo ndilo limeniuma kuliko kiti. Kutolaumiwa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamua kutumia akili. Nimeondoa kitenge na sponji. Kiti nimekipandisha kidogo, magoti yapumue. Halafu nikakiangalia kwa pembeni, nikaona kama kimeinamia mbele. Ndiyo maana naserereka! Ndiyo maana mikono inachoka!

Nimeazima pimamaji kwa mwashi wa jirani. Nikaisimamisha baiskeli kwenye stendi yake katikati ya duka, nikaweka pimamaji juu ya kiti, nikalegeza nati, nikainua pua ya kiti taratibu mpaka povu likatulia katikati kabisa. Nikakaza. Hata kola ya suti sijawahi kuinyoosha hivyo.

Nimemwita Somoe aone. Amesema kweli povu liko katikati. Hongera zangu.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi juu ya Kirikuu, kile kigari cha mizigo.

Naandika polepole kwa sababu nimelala kifudifudi. Nilitaka kujipima kabla ya siku ya sharti. Nimetoka baada ya alfajiri, nimeshika njia ya Kilambo, upepo wa kusi usoni. Mwanzo mzuri. Watu mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, wananipungia mikono, mimi nawapigia kengele. Baada ya saa moja ganzi. Baada ya ganzi, moto. Kiti kilikuwa kinanichoma kwa mbele kama mtu ananisukuma kwa fimbo nishuke. Nikasimama juu ya pedeli. Nikakaa. Nikasimama. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alinipita kwa miguu. Akanipa pole bila kugeuka.

Hata nusu ya njia sijafika. Nimekaa kando ya barabara nusu saa. Yaani nimesimama kando ya barabara nusu saa. Ikapita Kirikuu imetoka kupeleka salfa, mifuko mitupu nyuma. Dereva akaipandisha baiskeli. Akaniambia nikae mbele, nikasema nashukuru, nitasimama nyuma. Nimeingia Rahaleo nimeshika bomba, mweupe kwa vumbi la salfa kuanzia nywele mpaka ndala, na barabara nzima iko nje inapunga upepo.

Somoe ameweka maji ya moto bila utani. Hapo ndipo nimejua hali ni mbaya.

Jumatatu, 21 Julai

Bakari ametuma picha ya pikipiki. Inameremeta.

Nimemwandikia ujumbe wa kumwachia Asumini. Nimeufuta. Nimeuandika tena. Sijautuma.

Nina huzuni, na ni huzuni ya kijinga, maana hakuna aliyekufa. Lakini Mjomba Chande hakuniachia shamba wala nyumba. Aliniachia baiskeli na kazi moja. Baiskeli imekaa stoo miaka saba, na kazi yenyewe naishindwa kwa sababu ya makalio.

Asumini amenitumia ujumbe wa sauti. Amewekwa ndani kama mwali, haruhusiwi kutoka, ila simu hawakumnyang'anya. Ananong'ona. "Mjomba, nimesikia. Mimi pikipiki sipandi. Nikiipanda nitakaa nyuma nimenuna mpaka kwa wakwe, waone wameoa mwanamke mwenye sura mbaya. Wewe njoo. Hata ukinimwaga, nimwage wewe."

Nimeusikiliza mara nne. Ule niliomwandikia Bakari nimeufuta kabisa.

Jumatano, 23 Julai

Mimi ni mjinga! Mjinga mwenye futi shingoni na miaka ishirini na nane ya kazi!

Asubuhi amekuja dereva wa Fuso anataka suruali mbili. Akasimama wima, mikono pembeni, kama wote. Nikamwambia akae. Akashangaa. Nikamweleza kama ninavyowaeleza madereva wote: suruali ya mtu anayeshinda amekaa haipimwi amesimama. Amesimama inampendeza, akikaa inambana mbele na nyuma inashuka mpaka abiria waone. Mwili unaupima ukiwa kazini. Nikamkalisha kwenye kigoda, mikono mbele kama ameshika usukani, nikapitisha futi, nikaandika vipimo, na pembeni neno ninaloliandika kwa kila dereva: *amekaa*.

Nikainua kichwa. Baiskeli ilikuwa mbele yangu, kwenye stendi.

Stendi ya baiskeli hii inainua gurudumu la nyuma. Vidole vinne kutoka chini, kamili. Kwa hiyo ikiwa kwenye stendi, baiskeli nzima inainamia mbele, pamoja na kiti chake. Na mimi nilikinyoosha kiti ikiwa imeinama! Ikishuka chini, nyuma inarudi mahali pake, na pua ya kiti inanyanyuka juu. Nilichokuwa nakalia Jumapili yote ni pua. Nimempima mteja amesimama. Mimi.

Nimemwacha dereva wa watu amekaa na mikono hewani. Nimeishusha baiskeli, nimeiegemeza mlangoni magurudumu yote mawili sakafuni, nimeweka pimamaji. Povu limekimbia mpaka mwisho kama limeona nyoka.

Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Dereva akauliza kwa heshima, "Fundi, nishushe mikono?"

Alhamisi, 24 Julai

Kiti kimenyooka, baiskeli ikiwa chini. Lakini mtu hawezi kujipima mwenyewe akiwa amekaa juu ya kitu kinachotaka kuanguka. Nimemwita Somoe. Nimempa futi yangu. Katika ndoa nzima hajawahi kuishika.

Nimekaa juu ya kiti, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Yeye amechuchumaa chini ananipima. Wateja wawili wakaja, wakaona, wakasema watarudi kesho.

Somoe ametoka Mahurunga pia, na akiwa msichana alikuwa anapeleka makopa, mihogo mikavu, mnadani kwa baiskeli, gunia nyuma. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza alikuwa anakaaje. Ameniambia niweke kisigino juu ya pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa, na goti linyooke. Halijanyooka. Amepandisha kiti. Halijanyooka. Amepandisha tena. Hapo nikaangalia chini na kuona nyayo zangu haziigusi sakafu ila kwa ncha za vidole. Nikamwambia nitaanguka.

"Baba Mwanaidi," akasema, spana mkononi, "umekuja kuendesha au umekuja kusimama?"

Nimeweka tena kisigino. Goti limenyooka. Nikirudisha unyayo kwenye pedeli kama kawaida, goti linabaki na mkunjo kidogo tu, kama mkono wa mtu anayeshona bila haraka. Kisha akanitazama kwa pembeni, akasema nimejinyoosha kama nasukuma mbuzi asiyetaka. Akasogeza kiti mbele upana wa kidole. Viwiko vikalegea.

Kwa chaki yangu ya bluu amepiga alama kwenye bomba la kiti. Inchi thelathini na mbili na nusu kutoka pedeli mpaka juu ya kiti.

Jioni nimezunguka uwanja wa shule mara kumi. Niliporudi nimekaa kwenye mkeka, nikala nimekaa. Somoe alinijazia mchuzi tu.

Jumapili, 27 Julai

Nimefika!

Nimefika nimekaa! Nimeingia uani kwa Zainabu napiga kengele kama muuza barafu, kuku wakatawanyika, dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye matairi. Akasema, "Umechelewa, ming'oko imepoa." Kisha akageuka haraka akarudi jikoni. Zainabu akigeuka haraka mimi najua anafuta nini.

Njia nzima kusi usoni. Nimechoka miguu, nimechoka mgongo, lakini ni uchovu wa halali, umegawanyika mwili mzima kama urithi. Pale nilipopandia Kirikuu nimepita nimepiga kengele tatu.

Ila kumebaki neno moja. Bibi harusi haruhusiwi kuonekana, kwa hiyo wamenifungia gunia la makopa kwenye keria nifanye majaribio. Bakari akalinyanyua, akasema Asumini ni gunia na nusu. Sauti ikatoka dirishani: "Mjomba Bakari, nakusikia!"

Na kweli, kule kupanda ndiko balaa. Kiti kikiwa juu hivi, mzigo nyuma, nafikisha ncha za vidole tu. Mara ya kwanza gunia limenivuta pembeni, nikaangukia mihogo. Mara ya pili vilevile. Bakari ametikisa kichwa. Ameshauri tushushe kiti, kwa kuwa ni mwendo mfupi, magoti yatavumilia. Nusura nikubali. Nilishashika spana.

Kisha nikaangalia baraza ya Zainabu. Ile baraza ya udongo, mbele ya mlango, kimo cha goti. Nikakumbuka siku ya harusi yake. Mjomba Chande hakupandia uani. Aliisogeza baiskeli kando ya baraza, akaweka mguu mmoja juu ya baraza, Zainabu akatoka mlangoni akakaa kwenye keria bila kushuka hata hatua moja. Siku zote nilidhani ni madaha. Kumbe ndiyo njia yenyewe! Unaondokea barazani kwa mama, unafikia barazani kwa bwana. Kiti kinaruhusiwa kuwa juu kwa sababu ardhi imeletwa juu.

Nimeweka mguu barazani. Gunia limekaa. Nimesukuma. Nimezunguka uani mara sita, gunia halikutikisika.

Zainabu amesema, "Basi." Neno moja. Bakari amekwenda kuangalia pikipiki yake kama ipo.

Alhamisi, 31 Julai

Kwa Atanasi kutia mafuta cheni. Ameona kiti kilivyo juu, akasema nimekuwa kuku kwenye paa. Anakuja harusini, ndugu wa bwana harusi ni jirani zake wa zamani. Ameniahidi kitu kimoja tu, mkono kifuani: "Mtani, utashuka. Wallahi utashuka, na mimi si Mwislamu."

Silali vizuri. Kiti hakina kosa. Ni hofu.

Jumamosi, 2 Agosti

Ndoa imefungwa asubuhi. Alasiri nikaitwa.

Baiskeli barazani, mguu wangu wa kushoto barazani. Kanzu nimeikunja nikaibana kiunoni kwa pini nne za kazini. Asumini akatoka amejifunika, akakaa kwenye keria, akanishika kiuno kwa mikono yenye hina. Akanong'ona, "Mjomba, unatetemeka." Nikamwambia ni baiskeli. "Baiskeli imesimama, Mjomba."

Nikasukuma.

Vigelegele. Ngoma nyuma. Bakari pembeni kwa pikipiki taratibu, taa zinawaka mchana, amebeba masufuria. Nyumba za kwanza salama. Mchanga wa kwanza, gurudumu likayumba, nikakanyaga kwa nguvu zaidi badala ya kushusha mguu. Miguu ilinyooka mpaka chini, kila pigo lilikwenda lote kwenye cheni. Tukavuka. Asumini akapiga kelele ya furaha ambayo bibi harusi hatakiwi kuipiga.

Tukafika uwanja wa mbele ya mashine ya mpunga. Na pale, katikati ya njia, Atanasi. Yeye na wenzake, wametandaza kanga mbili wamezishika ncha kwa ncha, wamefunga njia upande hadi upande. "Mmakua hapiti! Ashuke aombe njia!" Watu wote wakasimama. Watani wana haki hiyo, hakuna wa kuwakemea, hata imamu alikuwa anacheka.

Kusimama ni kushusha mguu. Kurudi hakuna, msafara mzima uko nyuma. Nikakata usukani. Atanasi akanijia mbele na kanga moja, wenzake wakabaki wamefunga njia, nikaanza kumzunguka.

Raundi ya kwanza akina mama hawakuelewa. Ya pili wakaelewa. Ya tatu wakaanza kuhesabu kwa sauti. "Tatu! Nne!" Atanasi ananigeukia kila ninapopita ili asinipe mgongo, kanga mkononi, anazunguka na mimi kama mfuniko wa chupa. Mimi nimekaa. Nimekaa vizuri! Mgongo umelegea, viwiko vimelegea, Asumini nyuma anacheka mpaka keria inalia. "Sita! Saba!" Nikampigia Atanasi kengele sikioni. "Nane!" Akapepesuka. "Tisa!" Akakaa chini kwenye mchanga, kanga kichwani, akasema kwa sauti ya mlevi, "Mtani, pita. Pita, mimi dunia yangu imegeuka."

Nimepita juu ya kanga zake.

Baraza ya kina Hashimu, bwana harusi wetu, ni ya saruji, imepakwa rangi ya kijani. Nikaisogelea, nikaweka mguu juu yake. Asumini akashuka kutoka keria hadi mlangoni. Kabla ya kuingia akageuka, akalegeza shela kidogo, akanitazama. Macho tu. Nikajifanya naangalia cheni.

Jumapili, 3 Agosti

Mahurunga, asubuhi. Kimya. Masufuria yameoshwa yamefunikwa. Watu wamelala.

Nipo barazani kwa dada. Amenijia na chai na muhogo, akakaa kando yangu. Baiskeli imeegemea ukuta mbele yetu, vumbi tupu. Tumeitazama muda mrefu.

Kisha akasema, "Mjomba Chande aligusa."

Nikadhani sijasikia.

Aligusa. Kwenye mchanga ule ule. Zainabu alimsikia akihema, akahisi baiskeli inalala, akauona mguu unashuka. Akaachia buibui lake likaanguka upande ule, likafunika kiatu. Hatua moja tu, kisha wakaendelea. Mimi nilikuwa nyuma na begi sikuona, hakuna aliyeona. Mjomba hakuwahi kulitaja. Na dada hakuwahi kumwambia mtu mpaka leo.

Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akanywa chai. Akasema jana alimwambia Asumini avae buibui pana.

Niliuweka mkono wangu juu ya wake, na muhogo ukapoa.

Somoe ameshafunga mizigo. Mizigo inakwenda na Bakari. Somoe amesema atapanda keria mpaka barabara kubwa ya Kilambo, aone kazi ya mikono yake. Nimemwambia njiani nitagusa chini mara nyingi. Amesema niguse tu, yeye si bibi harusi.

Ananisubiri uani. Nimefungua daftari upande wa mbele, nikatafuta mstari mtupu chini ya yule dereva wa Fuso.

*Issa. Pedeli mpaka kiti, inchi 32 na nusu. Amekaa.*